Jirani yangu alilewa msimu wa mabibo. Haki yake ilikwenda wapi?

Mhariri,

Gazeti lenu hunifikia likiwa limeshachoka. Linashuka Masasi na basi la asubuhi kutoka Mtwara, linashinda kwa kinyozi mpaka alasiri, na mimi hulipata jioni, ukurasa wa michezo ukiwa umeshaondoka na wenyewe. Safu ya dini haiibwi na mtu. Ndiyo maana makala ya wiki mbili zilizopita kuhusu kuhesabiwa haki, yaani mwenye dhambi kukubaliwa mbele za Mungu kuwa mwenye haki, niliipata nzima, nikaisoma mara tatu, na mara ya tatu nikamwomba mama watoto anitafutie kalamu.

Mwandishi wenu alisema mambo mawili. La kwanza, mtu akihesabiwa haki mbele za Mungu, palepale asili yake ya zamani hung'olewa na nyingine hupandwa. La pili, mtu akirudia dhambi ileile aliyoitubu, hiyo ni dalili kwamba hakuhesabiwa haki tangu mwanzo. Kiswahili chake kimenyooka na sina shaka anampenda Mungu. Lakini hilo neno la pili nalifahamu kwa sura. Niliwahi kulisikia uani kwa jirani yangu, nikaona lilivyomfanya mtu.

Jirani huyo ni fundi baiskeli. Aliokoka katika mkutano wa injili uliofanyika hapa kwetu mwezi wa tano, miaka kadhaa nyuma, na aliokoka kweli, maana mkewe alianza kucheka barabarani. Sasa, Mhariri, mwezi wa tano si mwezi wa kumpimia mlevi wa huku kusini. Mwezi wa tano mikorosho haina kitu. Mabibo huanza kuanguka Septemba, na ikifika Oktoba kila njia ya shamba inanuka utamu uliochacha, uraka, pombe ya mabibo, unauzwa kwa kikombe chini ya kila mti wenye kivuli, na hata mbuzi wanatembea upande. Fundi aliimaliza Septemba salama. Katikati ya Oktoba nilimkuta amekaa juu ya tairi, dumu la njano la lita tano katikati ya miguu yake, halijabaki hata robo.

Mhubiri aliyempokea alikuja siku ya pili. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka baiskeli yangu. Hakumfokea, namshuhudia. Alichuchumaa, akamwambia kwa sauti ya chini: "Ndugu, haki ya Mungu haikukuingia. Ingekuingia, usingeweza." Fundi hakujibu. Alikuwa ameshika spoki iliyopinda, anainyoosha kwa koleo. Akaendelea kuinyoosha na kuipinda, kuinyoosha na kuipinda, mpaka ikakatika mkononi. Baada ya siku ile hakukanyaga kanisani, wala la yule mhubiri wala letu, kwa zaidi ya miaka miwili.

Ndiyo maana naandika. Mimi si mchungaji. Ni Mwanglikana wa kawaida, na kwa miaka 19 nilikuwa karani wa ghala katika chama cha msingi cha ushirika, kazi ya korosho, mzani na daftari. Lakini nafikiri karani ana la kusema hapa, kwa sababu neno lenyewe ni "kuhesabiwa". Paulo alipoandika katika Warumi 4 kwamba Ibrahimu alimwamini Mungu, ikahesabiwa kwake kuwa haki, alitumia kitenzi cha Kiyunani, logizomai, ambacho wafanyabiashara wa siku zake walikitumia katika mahesabu: kuandika kitu upande wa mtu fulani. Na kitenzi kingine, dikaioo, kile cha "kumhesabia haki", kinanuka mahakama. Tazama kinyume chake katika Warumi 8: "Mungu ndiye mwenye kuwahesabia haki. Ni nani atakayewahukumia adhabu?" Hakimu akimhukumu mtu haweki uovu ndani yake, uovu alikuja nao mwenyewe. Vivyo hivyo akimpa haki haweki wema ndani yake. Anatamka tu mtu huyo amesimama wapi mbele ya sheria.

Niliposoma kwa sauti mpaka hapo, mama watoto akaweka ungo chini. Inabidi niwaeleze kwamba mwenzangu ni Mkatoliki, mtoto wa Ndanda, amelelewa chini ya kengele ya watawa Wabenediktini waliofungua misheni pale mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya vita vya Majimaji kuiteketeza ile ya Nyangao. Tumeoana miaka 41, na hoja hii tulianza nayo tangu uchumba. Kwenye meza yetu kuna Biblia mbili. Yangu ni ya tafsiri ya zamani ya Union, kuukuu, inasema "huhesabiwa haki". Yake ni tafsiri ya Habari Njema, inasema "hukubaliwa kuwa mwadilifu". Watoto walipokuwa wadogo walidhani ni dini mbili.

"Baba," akasema, "Mungu aliposema 'Iwe nuru', giza lilibaki palepale, likawa linaitwa nuru kwa heshima tu?"

Naomba wasomaji wasilipite swali hilo haraka. Ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wao, na mwandishi wenu hakuigusa. Neno la mwanadamu hueleza kitu kilichopo. Neno la Mungu hukifanya kiwepo. Basi Mungu akisema "huyu ni mwenye haki", inakuwaje mtu yule abaki alivyokuwa? Agustino, askofu wa Hippo kule Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alisoma zaidi Kilatini kuliko Kiyunani, na Kilatini cha neno hilo, iustificare, alikielewa kama "kumfanya mtu awe mwenye haki". Kanisa la Magharibi lilimfuata kwa zaidi ya miaka elfu moja. Na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, tarehe 13 Januari 1547, ukaandika bayana kwamba kuhesabiwa haki si kuondolewa dhambi tu, ni pamoja na kutakaswa na kufanywa upya utu wa ndani. Haki inamiminwa moyoni. Hiyo ndiyo imani ya mke wangu, na anaishi vizuri nayo kuliko mimi ninavyoishi na yangu.

Kisha akaongeza la pili, na hili alilitoa mfukoni mwangu mwenyewe.

Mwaka 2009, msimu wa tatu tangu uanze mfumo wa stakabadhi ghalani, wa korosho kukusanywa ghalani kwa risiti kabla ya kuuzwa, mjomba wangu alileta magunia manne. Korosho kavu ukilitikisa gunia utazisikia zinagongana kama kokoto. Zake zilikuwa kimya. Nilipasua moja kwa kisu, kiini kilikuwa laini kama sabuni iliyolala majini, pembeni kimeanza weusi. Lakini mjomba ni mjomba, na kwetu Wamakua mjomba ndiye mwenye watoto. Alisimama pale mlangoni na kofia yake mkononi, hakusema kitu, na mimi nikaandika: daraja la kwanza. Kalamu yangu haikuzikausha zile korosho. Wiki chache baadaye magunia yalifunguliwa kwenye ghala kuu, ukungu ukaonekana, chama kikakatwa fedha, nami nikakatwa mshahara miezi mitatu. Mama watoto aliikumbuka miezi hiyo vizuri kuliko nilivyopenda.

"Na Mungu wenu ndiyo anavyofanya?" akauliza. "Anaandika daraja la kwanza juu ya gunia lenye ukungu?"

Nilikwenda kulala bila jibu. Jibu nililipata siku ya pili nikiwa natafuta risiti za zamani za salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, maana katika chama chetu tulikuwa na daftari zaidi ya moja, na hilo nilikuwa nimelisahau. Moja lilikuwa la madaraja. Humo karani anaandika alichokiona ndani ya gunia, na akiandika asichokiona ni mwongo. Jingine lilikuwa la madeni ya pembejeo. Nakumbuka mwanachama mmoja aliyefika kulipa deni la salfa la dada yake, mama mmoja ambaye shamba lake lilikuwa msitu, hapalilii, na salfa yenyewe nusu aliiuza. Kaka alihesabu noti mezani, nikapiga mstari, nikaandika "limelipwa". Mama yule hakuwa amebadilika hata kidogo. Majani shambani kwake yalikuwa marefu vilevile jioni ile. Lakini nilichoandika hakikuwa uongo, kwa sababu fedha zilikuwa mezani.

Nasema Warumi 4 imeandikwa kwenye daftari la pili. Mungu hakukagua gunia la mtu akajifanya haoni ukungu. Paulo anamwita Mungu "yeye ampaye haki asiyekuwa mtauwa", yaani asiyemcha Mungu, maana yake ukungu umeonekana na umetajwa. Kilichoandikwa ni kwamba pamelipwa. Paulo mwenyewe alipomwandikia Filemoni habari za Onesimo, mtumwa aliyetoroka, alisema: "Na kama amekudhulumu, au unawia kitu, ukiandike hicho juu yangu." Hakusema Onesimo hakudhulumu. Alitoa daftari lake.

Nilimsomea mama watoto. Akasema, "Sawa, deni. Lakini 'Iwe nuru' hujaijibu."

Hiyo nimeijibu kwa Ibrahimu, naye hajakubali mpaka leo. Katika sura hiyohiyo ya nne Mungu anaitwa yeye ayatajaye yale yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako. Alimwita mzee yule baba wa mataifa mengi. Siku aliyoitwa hivyo mwili wake ulikuwa kama umekufa, ni maneno ya Paulo, umri unapata miaka mia, na tumbo la Sara nalo limekufa. Je, jina lilikuwa uongo? Hapana. Je, jina liliufanya mwili wake uwe kijana asubuhi ileile? Hapana vilevile. Isaka alikuja baadaye, na alikuja kwa sababu ya neno lile. Kwa hiyo nakubaliana na mke wangu kwamba neno la Mungu halirudi mikono mitupu. Ninachokataa ni kulisubiri tumbo lionekane ndipo nimwite mzee "baba".

Nina mfano mwingine wa karibu zaidi, na huu haukutoka ghalani.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa ile misheni ya Kianglikana tuliyoizoea kwa jina la UMCA alitoka Unguja na kundi la watu waliokuwa watumwa, wakashuka Lindi kwa meli, wakatembea kwa miguu kupanda bara. Alikusudia kuwapeleka mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika hapa Masasi, penye milima hii ya mawe, wakaona ardhi na maji, wakabaki. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu nyuma, 1873. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mjukuu wa mmoja wa watu hao, na alitusimulia habari za babu yake huyo tukiwa tunabangua korosho usiku, mikono imeungua kwa mafuta ya maganda.

Yule babu alikuwa huru. Alitamkwa huru kabla hajapanda meli ya kuja Lindi, na hakuna aliyemtamka huru nusu. Lakini bibi alisema kwa miaka mingi mzee yule hakulala katikati ya nyumba. Alilala mgongo ukutani, uso mlangoni. Akija mgeni yeyote mwenye kanzu nyeupe kutoka pwani, alisimama wima na mikono kifuani kabla hajajua anafanya nini, kisha anakasirika, anatoka nje. Bunduki ya mwindaji ikilia, alikuwa tayari ameshafika kwenye mawe ya Mtandi. (Hofu yake haikuwa ya bure. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wazee wetu waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuteka watu.)

Nawauliza wasomaji, na hasa namwuliza mwandishi wenu: jioni ile mzee alipokuwa amejibanza kwenye mawe, anatetemeka kama mtumwa, alikuwa mtumwa? Angekuja mtu akamwambia, "Ndugu, uhuru haukukuingia, ungekuingia usingetetemeka," tungemwitaje mtu huyo? Mimi namjua tungemwitaje. Tungesema anamrudisha sokoni.

Bibi alisema hofu ilimtoka polepole, na sehemu nyingine haikutoka mpaka kaburini. Alijenga, akaoa, akapanda miembe ambayo miwili ipo hadi leo. Siku moja, watoto wakiwa wakubwa, mkewe aliamka usiku akamkuta amelala katikati ya mkeka, chali, anakoroma. Akawaamsha watoto waje waone. Mzee hakuwa huru zaidi usiku ule kuliko siku aliyoshuka Lindi. Lakini hakuna anayeweza kuniambia kwamba uhuru ule na usingizi ule havihusiani. Asingetamkwa huru, asingelala vile hata angeishi miaka mia mbili.

Hapo ndipo ninaposimama katika swali hili, kama kuhesabiwa haki kunageuza asili ya mtu. Kutamkwa mwenye haki hakuugeuzi moyo. Kunamhamisha mtu. Kunamtoa mahakamani na kumweka nyumbani, na ni huko nyumbani moyo unakoanza kugeuzwa, na Roho yuleyule wa Mungu, kuanzia siku ileile, kwa mwendo ambao hakuna karani anayeweza kuuandika. Paulo ana utaratibu huo katika Warumi 5: mstari wa kwanza tumehesabiwa haki na tuna amani kwa Mungu, mstari wa tano pendo la Mungu limekwisha kumiminwa katika mioyo yetu. Kumiminwa kupo, mama watoto, sijakukatalia. Nakataa tu kukuweka mahali pa msingi, kwa sababu mimi nikichungulia moyoni mwangu kuona kimemiminwa kiasi gani, namkuta mjomba na magunia manne.

Mwandishi wenu alinukuu 2 Petro 1:4, "washirika wa tabia ya Uungu", kuthibitisha kwamba asili hubadilika mara moja. Hapa Kiswahili kimempiga chenga kidogo. Watafsiri wa Union walitumia "tabia" kwa maana ya asili, umbile la ndani. Waefeso 2:3 wanasema vilevile, "kwa tabia yetu watoto wa hasira". Siku hizi tabia ni mwenendo: fulani ana tabia mbaya, anakopa halipi. Akisoma hivyo, mtu atadhani Petro anasema Mkristo amepewa mwenendo wa Mungu siku moja. Lakini mstari unaofuata Petro anawaambia watu walewale wajitahidi sana, watie wema katika imani yao, na maarifa, na kiasi, na saburi. Mtu aliyeng'olewa asili yake yote angejitahidi kwa lipi?

Aliwahi kutokea mwalimu aliyefundisha kwamba haki yetu ndiyo asili ya Uungu ya Kristo inayokaa ndani yetu. Aliitwa Andreas Osiander, alikuwa Königsberg kwenye miaka ya 1550, na alikuwa Mlutheri, si Mkatoliki. Walutheri wenzake walimkataa, na kanuni yao ya mwaka 1577 ikafunga mjadala. Calvin, mwalimu mwingine wa Kiprotestanti wa siku hizo, naye alimpinga kwa mfano ninaoupenda: jua lina mwanga na joto, huwezi kuvitenganisha, lakini hakuna anayesema dunia inaangazwa kwa joto au inapashwa kwa mwanga. Kuhesabiwa haki na kutakaswa vinatoka kwa Kristo mmoja saa moja, na bado ni viwili. Sisi Waanglikana tunayo katika zile Ibara 39 za imani yetu za mwaka 1571: ya kumi na moja inasema twahesabiwa haki kwa stahili ya Bwana wetu tu, kwa imani. Ya tisa, ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa hata siku moja, inasema uharibifu wa asili hubaki hata ndani ya waliozaliwa mara ya pili.

Hubaki, Mhariri. Na kabla Wakatoliki hawajasema hayo ni ya Waingereza, Mtaguso wao huohuo wa Trento, mwaka 1546, ulikiri kwamba tamaa hubaki ndani ya mtu aliyebatizwa, imeachwa kwa ajili ya mapambano. Wao hawaiiti dhambi kwa maana kamili, wazee wetu wakaiita. Hapo tunabishana, na tumebishana miaka mia nne na zaidi, mpaka tarehe 31 Oktoba 1999 Walutheri na Wakatoliki walipotia saini tamko la pamoja huko Augsburg, wakikiri kwa kauli moja kwamba Mungu humsamehe mtu dhambi na wakati huohuo humweka huru na nguvu zake. Wamethodisti wakajiunga 2006, nasi Waanglikana tukaliunga mkono kiini chake Lusaka mwaka 2016. Lakini kwamba tamaa inabaki, hatukuwahi kubishana. Fundi wangu angekwenda kwa padre wa mke wangu, angeambiwa njoo kitubio. Angekuja kwetu, angeambiwa njoo, ungama, meza ipo. Hakuna kati yetu ambaye angemwambia haikukuingia. Sasa sentensi ile mwandishi wenu ameitoa kwa nani?

Najua kwa nini anaiogopa sentensi iliyo kinyume. Hata mimi naiogopa. Nilifanya kazi na mzee wa kanisa mmoja aliyekuwa na namna yake ya kuweka goti kwenye mzani wakati wa kupima, kilo mbili kila gunia, na Jumapili anasoma somo la kwanza kwa sauti nzuri. Nilipomgusia aliniambia, "Karani, mimi nimehesabiwa haki, siishi chini ya sheria." Mtu wa namna hiyo Paulo alimjibu zamani: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Na Yakobo anamsubiri pale sura ya pili, kwamba imani bila matendo imekufa. Yule hakuwa kama babu wa bibi yangu aliyekimbilia mawe. Alikuwa amekaa sokoni kwa starehe na anawauza wengine. Ukiniuliza kama Mungu alimhesabia haki, nitasema daftari hilo halikuwa mikononi mwangu. Lile la mzani lilikuwa mikononi mwangu, na nililipeleka kwa mwenyekiti.

Lakini dawa ya mwenye goti kwenye mzani haifai kunyweshwa fundi. Mmoja anacheka na dhambi, mwingine amekata spoki mkononi kwa aibu. Mwandishi wenu ameandika dozi moja kwa wagonjwa wawili.

Mwaka juzi, Septemba ikielekea kuisha, nilimpelekea fundi baiskeli ile ile. Nilimsimulia habari za mzee wa mkekani, hivihivi nilivyowasimulia ninyi. Hakusema kitu kuhusu Mungu. Aliuliza tu, "Ilichukua miaka mingapi, mzee, mpaka akalala katikati?" Nikamwambia bibi hakutaja. Akazungusha gurudumu, akalitazama linavyokwenda, akasema bado linayumba kidogo upande wa kulia lakini litanifikisha.

Siku hizi huja kanisani, hukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Oktoba iliyopita alikosa Jumapili mbili. Ya tatu alikuja, macho mekundu, akaungama pamoja na sisi wengine, akapokea.

Mama watoto ameisoma barua hii yote. Ameniagiza niongeze mambo mawili: kwamba korosho za mjomba zilikuwa magunia matano, si manne, na kwamba juu ya "Iwe nuru" bado sijamjibu.

Wenu,
Karani mstaafu,
Masasi, Mtwara